Wageni Walioomba Majembe

Katindiuka, Ifakara

Mwanangu Lukelo,

Baba yako nipo, mzima kama kiboko wa Kilombero. Wageni uliowatuma walifika na basi la Morogoro, eti wanatalii karibu na kwao. Niliwachinjia jogoo, nikawanunulia maji ya chupa. Chupa wakazikataa, zinachafua bonde, wakanywa ya mtungini. Haya.

Asubuhi dada mmoja kati yao akasema, "Shikamoo babu, tupe majembe tukapalilie mpunga."

Nikamwambia, "Hata siku ya tatu haijafika!"

Akasema ndicho walicholipia. Mwanangu, sielewi. Mtu analipa ili alime? Wewe kazi hiyohiyo uliikimbia! Nikafungia majembe ndani, maana kwa ukarimu hapa hakuna wa kunishinda. Wakaondoka wamenuna. Mama yako naye kanuna mpaka leo, anasema magugu yameupita mpunga na mimi nimefukuza watu wa kutusaidia.

Mkono wa kulia ndio hauinuki tangu mwezi uliopita, ila wa kushoto ninao.

Waambie warudi, majembe nimeyatoa nje. Au uje wewe. Wewe si mgeni, hutalipa.

Ni mimi baba yako, mkulima namba moja,
Evaristo