Kibao Kimerudi, Mwalimu Nekesa

Mwalimu,

Nimekasirika, na sina mwingine wa kumwambia. Ulikuwa hutaki nilalamike kwenye stafurumu mbele ya walimu wenzetu, kwa hivyo leo nivumilie. Na nakuandikia kwa Kiswahili, mimi mwalimu wa Kiingereza uliyenifundisha tangu kidato cha kwanza, mwishowe ukanipa chaki yako.

Kile kibao kimerudi. Kile cha mbao chenye kamba ya katani, ulichompelekea mpishi jikoni akakitia motoni kupikia githeri. Udongo wa kaburi lako haujakauka, naibu wa mwalimu mkuu akaenda Kariobangi kuchongewa kipya. Paka akiondoka, panya hutawala. Sheria ni ileile ya enzi zangu: anayenaswa akisema Kiswahili au Sheng ya mitaani badala ya Kiingereza anavishwa shingoni, na hakimtoki mpaka amnase mwenzake. Atakayekuwa nacho kengele ya jioni ikilia anasugua vyoo.

Wazazi wamepiga makofi. Siwalaumu sana, wanataka mtoto aende kutafuta kazi bila kutetemeka mbele ya wakubwa. Lakini naibu anaijua silabasi vizuri. Anajua inaanza na kusikiliza na kuzungumza, kabla ya muhtasari, kabla ya insha, kabla ya vitabu teule. Sasa nani azungumze?

Darasa langu limekufa, Mwalimu. Samahani kwa neno hilo. Kwenye mdahalo wa wiki iliyopita walisimama wawili, wakasema walichokariri, wakaketi. Hakuna aliyepinga. Hata Atieno, yule mbishi wa kidato cha tatu uliyekuwa ukimwita wakili, alitazama dawati tu. Nilimfuata wakati wa mapumziko. Akaninong'oneza, "Madam, nikikwama kaneno kamoja tu wananivisha hiyo kitu. Si heri ninyamaze." Nilikwenda nyuma ya maabara nikalia, nikakulaumu wewe kwa kufa.

Unakumbuka ulivyotupeleka Soko la Burma? Ulituambia tumhoji yule muuza nyama kwa lugha yoyote, hata ya mama zetu, mradi turudi na hadithi. Alitueleza jinsi mkewe alivyomtoroka na mbuzi mzima, huku akitumiminia supu ya mifupa vikombeni. Kesho yake darasani kila mtu alitaka kusimulia. Kiingereza chetu kilichechemea, nawe ulicheka mpaka ukajifuta machozi. "Leteni kwanza cha kusema," ulituambia, "Kiingereza kitawafuata." Na kilitufuata, wallahi. Sasa naambiwa huo ulikuwa mchezo.

Jumatatu kibao kilikuwa shingoni mwa Atieno. Alinaswa Ijumaa akiomba maji ya kunywa. Alisimama paredi nacho mbele ya shule nzima, kidevu kimezama kifuani, na mimi ndiye niliyekuwa zamu. Sikupanga kitu. Nilipanda jukwaani nikawasalimu kwa Sheng, "Wanangu, niaje?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Nilishuka, nikainama mbele ya Atieno. Alinitazama, akamtazama naibu, akakivua kibao. Akanivisha.

Kesho nimeitwa ofisini, naibu na mwalimu mkuu wote watakuwepo. Huenda nikafutwa kazi. Naogopa, Mwalimu, sitakudanganya. Lakini sheria ni ya naibu mwenyewe: hakinitoki mpaka nimnase mwingine, na tangu Jumatatu masikio yangu yameziba kabisa. Shule nzima inapiga Sheng na mimi sisikii kitu. Jioni nasugua vyoo. Jana Atieno alikuja na ndoo yake. Nilimfukuza, akakataa. Alinibishia kwa Sheng, akahamia Kiingereza, akakwama, akarudi kwa Sheng, akaendelea, mpaka tukamaliza kazi. Wakili wako huyo.

Kamba inawasha. Nimekukumbuka mno, na bado nimekukasirikia kwa kuniachia watu hawa.

Pumzika, Mwalimu wangu. Sijui kesho watanitoa na nini ofisini mle. Ila nakuahidi hivi: kibao hiki kikitoka shingoni mwangu, kinakwenda jikoni kwa mpishi.

Mwende wako