Karatasi Kifudifudi

Mwalimu Abdala,

Amani ikufikie huko uliko. Nakuandikia kutoka baraza ya ofisi ya shule, nimejaa woga, mimi niliyejigamba mbele yako kwamba digrii ya chuo kikuu cha Pemba imeniondolea woga wa mitihani. Leo darasa la kumi wanafanya mtihani wa Kireno, na binti yako Zainabu yumo. Akifeli, baba yake mdogo atamtoa shule ampeleke shambani Mute. Ameshatamka.

Tangu ututoke, darasa lako ninalo mimi. Nimelifundisha kwa njia yako, ile niliyoibishia miaka yote: soma maswali kwanza, kisha habari, halafu laza karatasi kifudifudi, uisimulie kwa Kiswahili kama unamsimulia mtu wa nyumbani. Mimi nilishikilia kwamba Kireno kieleweke kwa Kireno. Ukanicheka: "Haya, doutor, msomi wetu, umesoma kwa sauti tamu. Sasa niambie, katika habari hiyo nani amekufa?" Sikujua. Ni kweli, watoto wetu waliozoea kuhifadhi Kurani chuoni huisoma habari nzima bila kukwama, kisha huchagua jibu lenye neno waliloliona ndani yake, hata likiwa la uongo. Hilo nimekubali. Mengine bado nabisha.

Lakini kuna jambo hatukulifikiria, si wewe wala mimi. Katika chumba cha mtihani, karatasi iliyolazwa kifudifudi humwambia msimamizi kitu kimoja tu: nimemaliza.

Limenijia sasa, milango imeshafungwa, nami siruhusiwi kusogea. Dirishani namwona Zainabu. Amelaza karatasi, amefumba macho, midomo inacheza. Msimamizi, mgeni asiyetujua, anamwendea. Ananyoosha mkono. Mwalimu, atamnyang'anya—

Niliiacha kalamu. Nairudia.

Zainabu aliweka kiganja juu ya karatasi. Sauti yake ilinifikia hadi barazani, kavu kama yako: "Bado, mwalimu. Namsimulia baba."

Yule bwana akarudisha mkono. Binti yako akaigeuza karatasi, akaanza kuandika.

Woga haujanitoka; sijui ameandika nini. Ila nakuahidi: matokeo yakiwa mabaya, nitakwenda Mute kubishana na mdogo wako mpaka achoke, nawe wajua sichoki. Yakiwa mazuri au mabaya, nitakuja kaburini kwako, niilaze karatasi ya matokeo kifudifudi, nikusimulie kwanza kwa Kiswahili.

Pumzika, Mwalimu wangu.

Mbishi wako,
Saidi