Mama Ameacha Vidonge kwa Sababu ya Simu Yangu

Mpendwa Shangazi wa gazetini, shikamoo, naomba unisaidie maana sikai nikatulia. Niko chuo kikuu, mwaka wa pili, nyumbani wananiita Profesa kwa utani, na utani huo sasa unanitokea puani. Mama anameza dawa za presha, miguu ikaanza kumvimba, akaniuliza jikoni huku anamenya vitunguu, "Profesa, hebu angalia kwenye simu, si hizi dawa zinaniua?" nami nikaandika "dawa za presha zinaua", kurasa zikamiminika, nikamsomea, mama akafuta mikono, akaenda kufungia vidonge kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga, na hajameza tena. Nimerudi kutafuta, huyu anasema achana nazo, yule anasema ukiacha ghafla utapooza, mwingine anauza unga wa majani, sijui nimwamini nani, na ukweli Shangazi, hata chuoni sijui kutafuta, kundi letu tunaandika sentensi kwanza halafu tunaitafutia baba, yaani mwandishi yeyote wa kumbandika, alama tunapata, na maktaba naiogopa, yule mama wa dawatini atashangaa mtu mzima hajui pa kuanzia. Leo mama kaamka kichwa kinamgonga, mama mdogo anashangilia eti sumu inatoka, na nikifungua mdomo wananiambia, "Si wewe uliyetusomea?"

Profesa wa Jikoni

Marahaba, Profesa. Nilikupigia simu kwa namba uliyoandika barua yako ilipofika, hukupokea, labda ulikuwa unatafuta tena! Basi soma hapa, na usome umesimama.

Pole, naona unavyompenda mama yako. Lakini umeniudhi. Uliiuliza simu kama dawa zinaua, ikakuletea kurasa za kuua. Ungeuliza kama zinaponya, ungeletewa za kuponya. Ni mchezo wenu ule ule wa chuoni: jibu mnalo tayari, kinachotafutwa ni baba wa kusingiziwa. Insha ikisingiziwa baba, haiumwi kichwa. Mama yako anaumwa.

Mimi si daktari, kwa hiyo sikwambii ameze au asimeze. Nakwambia mpeleke kliniki sasa hivi, na vidonge vyenyewe mkononi, mwonyesheni daktari ile miguu, mumuulize kama kuna dawa nyingine inayomfaa. Mama mdogo naye aje, akaulize habari za sumu mbele ya mwenye kazi yake. Na kabla hamjatoka, mwambie mama, "Nilitafuta vibaya." Utaona aibu, sawa, haiui.

Mama akitulia, nenda maktaba. Simama mbele ya yule wa dawatini useme, "Sijui pa kuanzia." Hatashangaa, watu wa namna yako ndio kazi yake ya kila siku. Akufundishe kumkagua mwandishi: ni nani, aliandika lini, anauza nini. Halafu mfundishe mama, maana na yeye ana simu.

Lakini maktaba itakungoja. Vidonge viko kabatini, na ufunguo anao mama. Nenda kauombe.