Programu Moja kwa Vipimo Vyote

Olasiti, Arusha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nasikia mvua imeanza huko Mbinga na kahawa inachanua, nimefurahi. Mimi ni mzima, ila baridi ya Meru inanilaza na soksi.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu hasa ni nini, mtandao ukakatika. Karakana yetu ya Daraja Mbili inatengeneza vifaa vya kulinda matangi ya kupozea maziwa. Mimi na mwenzangu Loishiye tunaviandikia programu kwa lugha inayoitwa C. Kifaa hutunza vipimo vya joto, uzito na umeme, na tulikuta kila kipimo kina programu yake, zote karibu sawa. Ukirekebisha kosa kwenye moja, nyingine zinabaki nalo. Ndivyo king'ora cha kifaa kilivyokaa kimya umeme ulipokatika, maziwa ya kikundi cha akina mama wa mlimani, wateja wetu, yakachacha. Mwenyekiti wao, Mama Kaaya, alitujia kwa upole tu: "Wanangu, yakichacha tena, njooni mchukue kifaa chenu."

Nikasema tuandike programu moja ya kutumika kote. Loishiye akacheka.

"C haina violezo kama lugha nyingine, dada, vya kuandika mara moja na kujaza kipimo chochote. Kila kipimo kinataka programu yake."

"Si lazima ijue imebeba nini," nikamjibu. "Iambiwe tu kitu kilipo, ukubwa wake, na namna ya kukilinganisha na kingine."

Tulipojaribu, mama, kifaa kilisoma maziwa kuwa ya moto kuliko jiko la mkaa! Tulicheka mpaka machozi. Loishiye ndiye aliyeona kosa: nilikuwa nimeipa programu ukubwa wa anwani, yaani namba ya mahali kipimo kilipo, badala ya ukubwa wa kipimo chenyewe. Nikasahihisha, mambo yakakaa sawa.

Tukapanda mlimani. Mama Kaaya akazima swichi ya umeme kwa mkono wake. King'ora kikalia hadi ng'ombe wakaitikia, na akina mama wakapiga vigelegele. Halafu akauliza, "Na mashine yangu ya kutotoleshea vifaranga je?"

Kabla sijajibu, Loishiye ameshafungua kompyuta. Ile programu hakuigusa kabisa. Aliongeza tu namna ya kulinganisha unyevu wa hewa, ambao mayai huuhitaji, akamaliza kazi chai yake ikiwa bado ya moto.

Msalimie baba mdogo, shangazi wa kwaya, na mdogo wangu Kanisi, asiache hesabu. Vifaranga wameshaanguliwa, na Mama Kaaya kanipa wawili. Wanaishi kwenye boksi jikoni kwangu. Mwenye nyumba anasema wakianza kuwika, tutahama sote watatu.

Bintiyo anayekupenda,
Tumaini