Afande Ameseti Valvu Zangu

Thembo, soma karatasi hii halafu uichome. Dereva wa lori la kahawa ananingojea akuletee, naandika haraka haraka.

Gari langu la mashindano limekufa. Limekufa, nakuambia! Na mimi nilipiga makofi.

Unamjua Katembo, fundi wangu wa Butembo. Asubuhi hii alikuwa anaseti valvu za injini yake hapa Bwera, mbele ya duka langu. Afande Omara wa kambini akapita, akasikia injini inagonga tik-tik-tik.

"Hii kelele ya nini?"

Katembo akajibu vizuri tu: "Afande, iko kawaida. Lazima nafasi kidogo ibakie, valvu ikipata moto inatanuka."

"Nafasi? Nani aliwapa nafasi? Kaza!"

Thembo, valvu zimepewa amri! Tulizikaza zote, yeye amesimama juu yetu na kifimbo chake. "Kaza! Kaza tena!" Nafasi ikaisha kabisa, valvu zikawa hazifungi tena. Tukawasha. Injini ikakohoa mara moja, pu, ikanyamaza.

Nakuambia ikanyamaza!

Afande akatega sikio. "Munasikia kelele?"

"Hapana, afande!" Mtaa mzima ulijibu, hata mama wa mihogo.

"Sasa iko na nidhamu."

Watu wakapiga makofi. Mimi mwenye gari ndiye niliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Jumapili ni mashindano ya Kasese. Njoo na kamba tulivute mpaka huko. Afande Omara ndiye mgeni rasmi, na ameniamuru nishinde.