Amecheza na Nani, Baba Mwende?

Mpendwa Baba Mwende,

Huko Kangundo ulikolala najua kumetulia. Basi toa hiyo kofia usoni unisikilize, maana leo mkeo amekuja na maneno mengi.

Niko Ngara, kwenye duka letu la mapazia. Nimezima mashine ya kushonea ili isinikatize. Mwende wetu yuko mwaka wa mwisho chuoni, kule Amerika, na bado anacheza hoki ya barafu. Wiki hii ndiyo ilikuwa ya kujua kama timu yao itaitwa kwenye yale mashindano makubwa ya vyuo, yale uliyomwagiza. Nitakuambia ilikuwaje. Lakini nianzie mbali kidogo, kwa sababu nimekuja kukushukuru, na wewe hukupenda mtu anayeshukuru mbio mbio kama anayekimbiza gari.

Unakumbuka siku ile hoteli ya Mombasa Road ilipokuita? Wewe fundi wa friji, na karakana yako pale Hurlingham nyuma ya maduka, ulikuwa umezoea friji za bucha. Ukaambiwa mtambo unaogandisha uwanja wa barafu umegoma. Shule zilikuwa zimefungwa, mimi nilikuwa na mapazia ya watu ya kumaliza, ukaondoka na Mwende. Jioni mkarudi. Mtoto amelowa magotini, meno yanagongana, na anacheka peke yake.

"Umemwogesha na nguo?" nikakuuliza.

"Mwaitu ameteleza mpaka ukutani akarudi," ukasema. "Hakushika kitu. Wakubwa wote walikuwa wameshikilia ukuta kama mijusi."

Mwaitu. Mama yangu, kwa Kikamba chetu. Mtoto tulimpa jina la mama yako, basi kwako akawa mama yako kweli kweli. Nikimkaripia kwa kumwaga uji, unanitazama kwa huzuni: "Mama Mwende, hivyo ndivyo unavyoongea na mama mkwe?" Majirani walicheka. Mimi nilichoka. Nani angeweza kulea mtoto ambaye ni mama mkwe wake? Lakini nililea, na nililea vizuri, kila mtu hapa Ngara anajua.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi ulimpeleka kwenye barafu. Wale wa hoteli, kwa kuwa uliwatengenezea mtambo, wakamwacha ajifunze na vijana waliokuwa wakicheza pale.

Halafu kuna ile ya shule. Hiyo siwezi kuisahau hata nikizeeka nikasahau jina langu. Mwende alikuwa namba moja. Muhula baada ya muhula, namba moja. Nilikuwa natembea na ile ripoti kwenye mkoba, mteja akija kupimiwa pazia namwonyesha kwanza ripoti, ndiyo tunaongea mambo ya kitambaa. Na wewe siku moja ukaichukua, ukaisoma, ukauliza kile ulichozoea kumuuliza Otieno, jirani yetu wa viatu, mkibishana mambo ya mpira.

"Amecheza na nani?"

"Amecheza? Huyu amesoma! Ni namba moja!"

"Namba moja nimeona. Nauliza amecheza na nani. Hao wengine darasani ni nani?"

Ukamhamisha. Ukampeleka shule ambayo watoto wake wanasoma kama wanafukuzwa na mbwa. Muhula wa kwanza akawa namba thelathini na moja. Baba Mwende, nililia. Nilikwambia umeniharibia mtoto na umenivunjia heshima sokoni. Ripoti niliificha chini ya vitambaa vya lainingi. Na wewe ulikula ugali wako wote, ukanawa, ukamwita: "Mwaitu, thelathini na moja ya hapa ni kubwa kuliko moja ya pale. Lala usingizi."

Alilala. Mimi ndiye niliyekesha na hasira. Lakini kufikia mtihani wa mwisho, wale walioalikwa kwangu kula pilau waliona wenyewe alichopata.

Ndipo ikaja ile barua ya chuo, kwa sababu kocha mmoja mgeni alimwona akicheza akatuma video zake. Wewe wakati huo ulikuwa umelazwa hospitali kule Upper Hill. Mwende akakwambia haendi, anabaki kukuuguza. Ulikuwa umekonda, hata saa ilikuwa inazunguka mkononi, lakini sauti ilikuwa ile ile ya karakana.

"Mwaitu, mimi nina mke. Wewe nenda ukacheze na wakubwa. Na kabla hujamaliza, nataka uitwe kwenye yale mashindano ya mwisho. Hata mara moja."

"Nitaitwa, Dad."

Akaondoka. Ulimsubiri ashuke huko salama, uongee naye kwa simu, umuulize kama kuna baridi. Wiki hiyo hiyo ukatuacha.

Sasa sikiliza mambo ya huko. Vyuo hupangwa kwa namba kila wiki, na ni vile vya juu tu vinavyoitwa mwishoni. Mara ya kwanza Mwende kunitumia ule mpangilio, chuo chao kilikuwa cha kumi na nne. Nikapiga simu palepale. "Mwende! Namba kumi na nne? Kwani huko unafanya nini?" Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akanieleza taratibu: kompyuta haihesabu tu nani ameshinda mara ngapi. Inaangalia pia ulicheza na timu za aina gani, na hizo timu nazo zilicheza na nani. Ukishinda wanyonge kila wiki, hesabu inakuona. Ukishindwa kidogo na mafahali, inakuona pia. Wanaita ugumu wa ratiba.

Nilikaa kwenye kiti. Nikamwambia, "Hiyo si ni ile ya baba yako?"

"Ndiyo hiyo, Mum. Siku ya kwanza kocha akitueleza, nilikuwa najua tayari."

Mwaka huu wa mwisho ratiba yao ilikuwa kali. Karibu kila wiki ni timu ya juu. Wanashinda moja, wanashindwa moja. Mechi zinachezwa sisi tukiwa tumelala, basi mimi naziangalia asubuhi nikifungua duka, na Otieno anahama kutoka kwa viatu vyake anakuja kuninyanyasa. Bado ananiita shemeji na bado hana huruma.

"Shemeji, mmechapwa tena!"

"Na nani?"

"Na hao wa namba mbili."

"Kwa mabao mangapi?"

"Moja tu."

"Basi nenda ukauze viatu."

"Hapana, shemeji, tuongee ukweli. Kuna timu imeshinda mechi karibu zote na iko chini yenu. Hiyo ni haki? Hata mimi nikicheza na watoto wa nursery nitashinda, sawa, lakini si nimeshinda?"

"Umejijibu mwenyewe, Otieno."

Akasimama hapo na kiatu kimoja mkononi, mteja anamngojea. "Baba Mwende alikufundisha vibaya," akasema. Lakini alisema akicheka, na nikajua naye amekukumbuka.

Kumbe huko nako wanabishana hivyo hivyo. Mama wa msichana mmoja wa timu aliniingiza kwenye kundi la simu la mashabiki. Watu wazima, wenye kazi zao, wanagombana usiku kucha kuhusu namba! Mmoja, shabiki wa hiyo timu ya ushindi mwingi, ameweka picha ya mbwa badala ya uso wake. Kila siku ni kuandika kwamba chuo cha Mwende hakistahili kuitwa, kina vichapo vingi, kiwaachie nafasi walioshinda. Kiingereza changu unakijua, ni cha kuuliza bei. Nikamvumilia yule mbwa mwezi mzima. Siku moja asubuhi, chai bado ya moto, nikashindwa. Nikamwandikia kwa Kiswahili, herufi kubwa:

MMECHEZA NA NANI?

Kundini hakuna aliyejua Kiswahili. Halafu mmoja akaulizia kwenye simu yake maana ya hayo maneno, akaandika maana yake pale. Baba Mwende, nilidhani wananitukana, vile vicheko vilimwagika. Toka siku hiyo kila mbwa akifungua mdomo, watu ishirini wanamjibu: Mmecheza na nani? Wanaandika vibaya, wengine wanaandika "macheza", lakini wanaandika. Na yule mbwa mwenyewe, mwishowe, akaniuliza kwa heshima kama mimi ni mwalimu wa mchezo. Nikamjibu mimi ni fundi wa mapazia, mwalimu alikuwa mume wangu.

Sasa fika karibu. Mechi yao ya mwisho nyumbani niliiangalia asubuhi kama kawaida, Otieno akinipumulia begani. Mwende ameingia na ile kofia ngumu, na kamera ikageukia watazamaji. Nyuma ya kioo cha uwanja kuna watu watano wamejifunga maskafu, na wameshika kadibodi kubwa, wameandika kwa rangi nyekundu maneno yako. Hayo hayo. MMECHEZA NA NANI? Huko kwenye theluji, Baba Mwende, ambako hujawahi kukanyaga! Maneno uliyokuwa unamtupia Otieno hapa kwenye kibaraza ukila mahindi ya kuchoma.

Mwende aliyaona. Nilimwona akiyaona, alisimama kabisa, fimbo imelala kwenye barafu. Mwenzake akamgusa mgongo ndiyo akaendelea.

Otieno akasema, "Shemeji, hebu rudisha hapo." Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu akaenda kuweka viatu sawa, viatu ambavyo vilikuwa sawa.

Mechi hiyo walishindwa. Wacha nikwambie ukweli, walishindwa, na nikaogopa. Kundini hesabu zikaanza: labda wameingia, labda wametoka, inategemea timu fulani imefanya nini. Wiki yote nilishona mapazia ya mteja wa ghorofa za Hurlingham na nikayapinda upande usiofaa. Nilimwomba Mungu, halafu nikaona aibu kumwomba Mungu mambo ya namba, halafu nikaomba tena.

Majina yalisomwa Jumatatu, hapa kwetu ikiwa jioni, soko linafungwa. Nilishika simu, Otieno akashika kiti. Wakasoma, wakasoma. Chuo chetu hakipo. Jina la timu ile ya ushindi mwingi, ya yule mbwa, halipo pia. Imebaki nafasi moja. Otieno akaanza kuniambia, "Shemeji, hata hivyo…"

Wakasoma la chuo cha Mwende.

Otieno alipiga yowe mpaka askari wa soko akaja kuuliza ni nani ameibiwa. Mimi sikupiga yowe. Nilikaa juu ya marobota ya kitambaa nikangoja simu, na ikaita.

Alikuwa Mwende. Nilisikia tu pua, na nyuma yake wasichana wanapiga kelele. Nilitaka kumwambia hongera, nilitaka kumwambia mengi, unajua nisivyokosa maneno. Likatoka moja tu.

"Mwaitu," nikamwambia. "Umeitwa."

Akalia sasa kwa sauti. "Mum, hujawahi kuniita hivyo."

Ni kweli. Miaka yote lilikuwa lako, sikuligusa. Lakini mtu hawezi kukaa bila kuitwa jina lake.

Basi asante, mume wangu. Asante kwa kumpeleka kwenye barafu mimi nikilalamika. Asante kwa ile namba thelathini na moja. Ripoti bado ninayo na siifichi tena, wateja wanaonyeshwa hiyo kwanza. Asante kwa kuniachia kitu cha kujibu.

Jumamosi wanacheza, na kwa kuwa waliingia wa mwisho, wamepangiwa namba moja wa nchi nzima. Otieno anasema mtachapwa, shemeji, jitayarishe. Sijui. Labda. Lakini majirani zako huko Kangundo wakikuuliza mtoto wako amekuwa namba ngapi, usihangaike kuhesabu. Unajua la kuwauliza.

Ni mimi mkeo, Mama Mwende, na sasa nimekubali, mkwe wa Mwende pia.