Televisheni ya Chumba Namba Nne

Jumanne, Mikumi

Eti nikiigusa nitaiunguza! Beno, mhudumu mwenzangu hapa gesti, kahangaika na televisheni mpya tangu asubuhi. Taa na feni zote zinawashwa kwa simu ya ofisi, ila televisheni haionekani humo.

"Mama Tumaini, wewe katandike vitanda. Hii siyo shuka."

Nikatandika. Lakini mimi ndiye nawaandikia wageni paswedi ya waifai, najua zipo mbili, yao na ya ofisi, ndiyo inayotumiwa na ile simu. Yeye kaiunga kwenye ya wageni! Alipoenda kula nikaihamishia ya ofisi, nikaitafuta kwenye simu. Hiyo hapo. Ikataka jina, nikaandika Tumaini.

Bosi alishasema atakayeviweza vifaa hivi ndiye atakaa mapokezi, na wa mapokezi anapewa chumba cha uani. Mwanangu atoke kwa bibi yake kule Masanze, tulale wote. Naogopa Beno atasema kaiunganisha yeye.

Aseme. Kesho mbele ya bosi nitamwambia, "Haya kaka, izime." Atatafuta kwenye simu, na atalazimika kubonyeza jina la mwanangu.